Likizo ya uzazi yenye malipo: mwajiri mdogo anadaiwa nini, na mzigo ulipaswa kubebwa na nani

SWALI: Nina kiwanda kidogo cha mikate hapa Tabora mjini, chenye wafanyakazi tisa. Binti anayesimamia mauzo, ambaye pia huingia zamu ya usiku tukizidiwa, ana ujauzito wa miezi sita, na ana mwaka mmoja na miezi miwili tangu nimwajiri. Ameniletea barua ya kuomba likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo. Wiki hiyohiyo kijana wangu wa kusambaza mikate akaniambia mke wake, ambaye hana ajira, anatarajia mapacha, naye anataka wiki mbili. Mimi mwenyewe mtoto wangu wa tatu nilimzaa nikarudi kwenye tanuri kabla ya arobaini, na hakuna aliyenilipa. Kwa nini nimlipe mtu ambaye hayupo kazini, huku namlipa mwingine wa kushika nafasi yake? Na hawa wanaotaka likizo ya wazazi iongezwe, hawaoni kwamba watatufanya tuajiri wanaume watupu?

JIBU: Mama, nianze na lile ambalo huenda hukutaka kulisikia: ni lazima umlipe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 33, inampa mfanyakazi anayejifungua likizo yenye malipo isiyopungua siku 84, na isiyopungua siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa mara moja. Mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kazini kwa kawaida hapati malipo hayo, lakini huyu wako ameshavuka miezi hiyo zamani. Anatakiwa kutoa taarifa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya makisio, pamoja na cheti cha daktari, na kwa maelezo yako barua imekuja kwa wakati. Kama cheti hakimo, mwombe alete, kwa sababu tarehe iliyoandikwa humo ndiyo utakayoitumia kupanga mambo mengine yote.

Anaweza kuanza likizo wakati wowote ndani ya wiki nne kabla ya makisio, au mapema zaidi daktari akiona haja. Baada ya kujifungua hatakiwi kufanya kazi kabla wiki sita hazijaisha, isipokuwa daktari athibitishe kwamba anaweza, na hapa nakuomba uwe mkali hata kama yeye mwenyewe atakuja kukuomba umrudishe kwa sababu nyumbani pamekuwa pagumu. Akimaliza likizo anarudi kwenye ajira yake kwa masharti yaleyale aliyoyaacha. Siku hizo 84 huruhusiwi kuzihesabu kuwa likizo yake ya mwaka, ambayo ni siku 28 na inasimama peke yake.

Sheria hiyo imeweka pia mipaka inayomlinda mwajiri, ingawa wengi hawaifahamu. Siku 84 zinatolewa ndani ya mzunguko wa miezi 36, si kila mwaka, na wajibu wako wa kulipa kwa mfanyakazi mmoja unaishia kwenye likizo nne za uzazi. Mtoto akifariki ndani ya mwaka mmoja tangu kuzaliwa, mama huyo ana haki ya siku nyingine 84 kwa uzazi unaofuata hata kama miezi 36 haijatimia. Marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yamemwongezea muda mama anayejifungua mtoto njiti. Mungu apishe mbali, lakini likitokea, mwone Afisa Kazi wa mkoa kabla hujapanga tarehe ya kurudi.

Hukuniuliza kuhusu zamu ya usiku, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye hatari iliyo karibu yako kuliko malipo yenyewe. Usiku kwa mujibu wa sheria ni kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na mjamzito haruhusiwi kufanya kazi katika saa hizo kuanzia miezi miwili kabla ya tarehe ya makisio hadi miezi miwili baada ya kujifungua. Binti huyu ana miezi sita. Mwezi ujao awe ametoka kwenye ratiba ya usiku kabisa, hata mkizidiwa na oda za shule au za harusi. Na kwa kuwa sheria inakukataza pia kumpa mjamzito au mama anayenyonyesha kazi ya kuhatarisha afya yake au ya mtoto, usingoje mwezi ujao kumwondoa kwenye kubeba mifuko ya unga na kusimama mbele ya tanuri akivuta trei. Kaunta ya mauzo na daftari la wateja vinamtosha.

Sasa nije kwenye swali lako la kwa nini. Unasema ulirudi kwenye tanuri kabla ya arobaini, nami naamini, maana akina mama wa biashara wa mji huu nawafahamu. Lakini hukurudi kwa sababu mwili ulikuwa tayari. Ulirudi kwa sababu usingerudi, tanuri lingezimwa na wateja wangehamia kwingine. Uthabiti ule ni wako na heshima yako ibaki palepale, ila hauwezi kuwa kipimo cha mtu mwingine. Mfuko wa uzazi huchukua takriban wiki sita kurudi katika hali yake, na kwa aliyefanyiwa upasuaji kidonda cha ndani hakionekani kwa macho hata kile cha nje kikiwa kimefunga. Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, ambacho ni chanzo kikuu cha vifo vya wazazi duniani, hutokea zaidi katika saa 24 za mwanzo, lakini maambukizi na shinikizo la damu la uzazi vinaweza kumkuta mama akiwa ameshatoka wodini siku kadhaa zilizopita na ndugu wameshatulia. Ndiyo maana kliniki inamtaka arudi kuangaliwa zaidi ya mara moja hadi siku ya 42.

Upande wa mtoto, chukua kalenda uhesabu pamoja nami. Siku 84 ni wiki 12, Jumapili zikiwemo. Chanjo za mtoto, baada ya zile za kuzaliwa, hutolewa akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Mama akianza likizo wiki nne kabla ya kujifungua, anabakiwa na wiki 8 tu za kukaa na mtoto, kwa hiyo chanjo ya wiki 10 inamkuta ameshavaa aproni ya kazi. Hata akikaza mwendo akafanya kazi hadi siku ya uchungu ili aokoe siku zote 84 kwa ajili ya mtoto, bado chanjo ya wiki 14 iko nje ya likizo. Jambo hili dogo linaonyesha vizuri kuliko hotuba yoyote kwamba siku tulizonazo ni chache, wala si nyingi, na linaeleza kwa nini wanawake wengi walio kwenye ajira hufanya kazi hadi dakika ya mwisho huku miguu imevimba.

Kunyonyesha ndiko kunakobana zaidi. Wataalamu wa afya, wakiongozwa na Shirika la Afya Duniani, wanataka mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, bila maji wala uji. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba hapa Tanzania asilimia 64 ya watoto walio chini ya miezi sita wananyonyeshwa hivyo, na hao wengine si kwamba mama zao ni wazembe. Maziwa hutengenezwa kadiri yanavyotolewa. Mama akikaa saa tisa bila kunyonyesha wala kukamua, kifua kinamuuma siku za mwanzo, kisha mwili unapokea kwamba hayahitajiki na kuyapunguza. Bibi anayebaki na mtoto, akiona analia, anamchanganyia uji mwepesi kwa maji ambayo pengine hayakuchemka vizuri, na kuhara kunaanza. Kwa sababu hiyo kifungu kilekile cha 33 kinakutaka umruhusu anayenyonyesha muda wa kufanya hivyo ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Kwa kazi yako ya mauzo, ambayo asubuhi ndiyo yenye purukushani, mnaweza kukubaliana atoke saa mbili kabla ya wenzake, au aende nyumbani kwa muda wa saa moja mchana na kutoka saa moja mapema jioni. Yaandikeni makubaliano hayo, msiyaache mdomoni.

Wazee wetu hawakuwa na sheria ya ajira, lakini walikuwa na arobaini. Mama mzazi alikuja na mzigo wake, shangazi akachukua zamu ya kukanda kwa maji ya moto, majirani wakaleta kuni, kuku na unga wa uji, na mume akajua kwamba shamba la mkewe msimu ule litalimwa na wengine. Ukitazama vizuri, ile ilikuwa likizo ya uzazi yenye malipo kamili, na walioilipia walikuwa ukoo na mtaa mzima. Leo binti wako amepanga chumba kimoja mjini, na mama yake huenda yuko Nzega au Urambo na msimu wa kilimo umemshika. Mshahara ndio umechukua nafasi ya ule ukoo. Ukikatika wiki ileile mtoto anapozaliwa, hakuna kuni wala kuku wa jirani watakaokuja kuziba pengo, kodi ya chumba itadaiwa palepale, na hapo ndipo mzazi anaporudi kazini akiwa na wiki tatu, akificha kwamba bado anatokwa na damu.

Kuhusu gharama, nadhani umeihesabu kwa hofu, na hesabu ya hofu siku zote hutoka kubwa. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kila mfanyakazi wako analipwa Sh400,000 kwa mwezi. Kwa kugawa mshahara wa mwezi kwa 4.333 ili kupata wa wiki, wiki 12 ni takriban Sh1,108,000. Hizo ni fedha nyingi kwa kiwanda cha watu tisa, sibishi, hasa zikidaiwa ndani ya miezi mitatu. Lakini kumbuka mzunguko ni wa miezi 36. Katika miezi hiyo utalipa mishahara ya jumla ya Sh129,600,000, kwa hiyo uzazi mmoja ndani ya kipindi hicho ni chini ya asilimia moja ya gharama yako ya mishahara, kama Sh8.50 katika kila Sh1,000. Ukitenga Sh31,000 kila mwezi tangu siku unayoajiri, likizo ikifika fedha ipo.

Na usiihesabu mara mbili. Umeandika kwamba utamlipa aliyepo likizo na utamlipa anayeshika nafasi, kana kwamba yote mawili ni hasara. Anayeshika nafasi anafanya kazi, anauza mikate, na mshahara wake ungeulipa hata kama mzazi angekuwepo. Kinachoongezeka ni kile kimoja tu cha mzazi. Upande wa pili wa daftari kuna kitu ambacho waajiri wengi hawakiandiki: huyo binti ndiye anayejua ni duka gani la Ng'ambo linachukua mikate kwa mali kauli na kulipa Ijumaa, nani anarudisha iliyolala akidai ilikuja hivyo, na nani ameshapigwa marufuku kukopeshwa. Ukimpoteza kwa kumnyima siku 84, atakayekuja baada yake atajifunza hayo yote kwa fedha zako.

Kwamba tutaajiri wanaume watupu, hilo nitalijibu kwa ufupi kwa sababu sheria yenyewe imelijibu kwa ufupi. Kifungu cha 7 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsi, ya ujauzito na ya hali ya ndoa, na kwa madhumuni hayo mwombaji wa kazi naye anahesabiwa kuwa mfanyakazi. Kumwachisha mtu kazi kwa sababu inayohusiana na ujauzito ni uachishaji usio wa haki, na aliyeachishwa ana siku 30 za kupeleka shauri mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Sikutishi, na sioni katika barua yako nia ya kufanya hivyo. Ila hoja yako ina kiini cha ukweli ambacho nitakirudia hapa chini, kwamba mwajiri akibebeshwa gharama yote peke yake, atatafuta njia ya kuikwepa, na ataanza kumkwepa mwanamke.

Huyo kijana wa kusambaza mikate anakupa nafasi ya kulitazama jambo hili kutoka upande mwingine. Kifungu cha 34 kinampa baba siku zisizopungua 3 za malipo, mradi azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe, na siku hizo ni zilezile hata akizaliwa mtoto zaidi ya mmoja ndani ya mzunguko wa miezi 36. Kwa hiyo wiki mbili anazotaka si haki yake kisheria. Jirani zetu wa Kenya, kwa sheria yao ya ajira ya mwaka 2007, wanampa baba wiki mbili. Uganda ni siku 4 za kazi. Sisi tuko na tatu, na nakueleza waziwazi kwamba kwa baba wa mapacha tatu ni kidogo mno. Siku ya kwanza inaishia hospitalini, akitumwa damu, dawa na nguo. Ya pili anamrudisha mama nyumbani, kama hakufanyiwa upasuaji. Ya tatu anatafuta nani atakayechota maji na kupika wakati yeye akirudi kupakia mikate alfajiri. Iwapo mmoja wa mapacha atazaliwa na uzito mdogo na kuhitaji kubebwa kifuani ngozi kwa ngozi, mama hawezi kuwabeba wote wawili mchana na usiku, na kifua cha baba kinafanya kazi hiyo sawasawa na cha mama.

Neno lililotumika katika sheria ni zisizopungua, maana yake hakuna anayekuzuia kumwongezea. Kama huwezi kumpa wiki mbili za malipo juu ya zile siku tatu, mpe hizo tatu kwa ukamilifu, kisha mkubaliane kwa maandishi kwamba atachukua sehemu ya likizo yake ya mwaka mara tu baada yake. Siku hizo ungemlipa hata hivyo mwaka huu. Unachobadilisha ni tarehe tu. Na ukiwazoesha wanaume wa kiwandani kwako kwamba nao hutoka mtoto anapozaliwa, ile hesabu ya kwamba mwanamke ndiye mfanyakazi wa gharama inaanza kupungua makali, jambo ambalo makatazo ya kifungu cha 7 peke yake hayajaweza kulifanya.

Nimekwisha kukuambia kwamba ni lazima ulipe. Sasa nikuambie pale ambapo malalamiko yako ni ya haki. Gharama ya uzazi haikupaswa kumwangukia mwajiri mmoja ambaye kwa bahati tu ndiye aliyemwajiri mama huyo mwaka huo. Hili si wazo langu wala si geni. Shirika la Kazi Duniani, katika mkutano wake wa kwanza kabisa uliofanyika Washington mwaka 1919, lilipitisha mkataba wa kulinda uzazi uliotaka mama alipwe kutoka fedha za umma au mfumo wa bima. Mkataba wa mwaka 2000, Namba 183, unataka likizo isiyopungua wiki 14 na unasema mwajiri asibebeshwe peke yake gharama ya moja kwa moja ya malipo hayo, isipokuwa katika mazingira machache yaliyotajwa. Kwa kipimo hicho wiki zetu 12 zimepungua mbili, na mlipaji wetu si yule aliyekusudiwa. (Marekani, ambako mkutano ule wa kwanza ulifanyika, sheria yao ya taifa ya mwaka 1993 inatoa wiki 12 bila malipo yoyote, tena kwa waajiri binafsi wenye watu 50 au zaidi tu, ingawa baadhi ya majimbo, California ikiwa ya mwanzo, yameanzisha malipo kwa njia ya bima.)

Huhitaji kwenda mbali kuona namna nyingine. Rwanda, ambayo malori yake yanapita Nzega kila siku, ilitunga mwaka 2016 sheria ya mafao ya likizo ya uzazi. Mwajiri huchangia asilimia 0.3 ya mshahara na mfanyakazi asilimia 0.3, wote, wanaume kwa wanawake, wenye umri wa kuzaa na waliopita. Mwajiri hulipa wiki sita za kwanza, na zinazobaki hubebwa na mfuko wa hifadhi ya jamii. Linganisha asilimia 0.6 hiyo, inayogawanywa kati ya watu wawili, na ile asilimia ya karibu 0.9 niliyokuhesabia, ambayo wewe unaibeba peke yako na kwa mkupuo. Mwenye kiwanda cha wanaume watupu naye anachangia, kwa hiyo hana faida ya kuwakwepa wanawake. Hoja yako ya kuajiri wanaume inakosa mguu wa kusimamia.

Sisi wenyewe tunaujua mfumo huo. Zamani mfanyakazi akikatwa vidole na mashine ya kukandia unga, fidia ilikuwa kati yake na mwajiri wake; leo kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaochangiwa na kila mwajiri asilimia 0.5 ya mishahara, na ajali ya kiwandani kwako hailipwi kutoka droo yako. Sioni sababu ya kimsingi kwa nini kidole kilichokatika kichangiwe na waajiri wote nchini na mtoto aliyezaliwa asichangiwe, wakati mtoto huyo kesho ndiye atakayekuwa mfanyakazi au mteja wa hao waajiri wote.

Nusu ya kazi imeshafanyika pia kupitia NSSF, mfuko wetu wa taifa wa hifadhi ya jamii. Katika ile michango ya asilimia 20 ya mshahara unayopeleka kila mwezi, ambayo angalau nusu yake ni yako, kuna fao la uzazi. Tatizo ni masharti na mwelekeo wake. Mama anatakiwa awe amechangia miezi 36, na 12 kati ya hiyo iwe ndani ya miaka mitatu kabla ya kujifungua. Binti wako ana miezi 14 kwako; kama hakuwahi kuchangia kwa mwajiri mwingine, hatafika. Na anayefika, fao humwendea yeye kama mwanachama, halirudi kwako kufidia mshahara uliolipa. Ningependa kuona masharti hayo yakilegezwa na fao likigeuzwa kuwa la kumrejeshea mwajiri mdogo, walau kwa sehemu, kisha siku za baba nazo ziingizwe humo. Likifanyika hilo, kupanda kutoka wiki 12 hadi 14, au kumwongezea baba wiki moja, kutakuwa jambo la kuzungumza kwa utulivu badala ya kuwa vita kati ya mwenye tanuri na mwenye mimba. Mahali pa kulisema ni pale waajiri wanapokutana na Serikali na vyama vya wafanyakazi, kupitia Chama cha Waajiri au chemba ya biashara ya mkoa. Kwa kawaida sauti inayosikika huko ni ya wenye viwanda vikubwa, ambao likizo ya mtu mmoja hawaioni hata kwenye vitabu vyao.

Ninakubali kwamba hata mfuko huo ungewaacha nje akina mama wengi wa mkoa huu. Anayechuma tumbaku Urambo, Kaliua au Sikonge kwenye shamba la familia hana mwajiri wa kumwandikia barua, sawa na anayeanika dagaa Kibirizi kule Kigoma, na sawa nawe ulivyokuwa wakati ule wa mtoto wa tatu. Aliyejiajiri anaweza kujiunga na NSSF kwa hiari, na nakushauri ufikirie hilo kwa ajili yako mwenyewe na ya binti zako wakija kurithi biashara, lakini swali la mama asiye na ajira ni pana, nalo linastahili jibu lake peke yake.

Turudi kiwandani. Kabla ya mwisho wa mwezi huu mjibu binti kwa barua yenye tarehe ya kuanza likizo, tarehe ya kurudi, na maneno kwamba mshahara utaingia kila mwezi kama kawaida pamoja na michango yake. Mwondoe kwenye ratiba ya usiku katika barua hiyohiyo. Mwambie aende ofisi ya NSSF na kitambulisho chake aulize ana michango ya miezi mingapi kwa jumla, maana kama aliwahi kuajiriwa kwingine huenda miezi 36 ipo na yeye hajui. Na kama ipo, asikawie kupeleka madai baada ya kujifungua. Anayeshika nafasi mlete angalau wiki mbili kabla, akae naye kaunta, wapitie daftari la mali kauli duka kwa duka, na mkataba wake useme waziwazi kwamba ni wa kushika nafasi ya aliye likizo na unakoma siku gani. Mkataba huo upitishe kwa Afisa Kazi wa mkoa ausome kabla hujautia saini, kwa sababu mikataba ya muda ina masharti yake, na mgogoro unaotokea mara nyingi huwa na huyo aliyeshika nafasi anapoambiwa aondoke, kuliko na mzazi anaporudi.